Shairi la babu kuhusu madhambi: je, ni guni? Naomba uchambuzi wa vina, mizani na bahari

Mjukuu wa Mji wa Kale

Assalaam alaykum wanajukwaa, na salamu kwa wote.

Babu yetu mzaa mama aliacha daftari la mashairi aliyoyatunga kwa nyakati mbalimbali za uhai wake, na familia imekubaliana kuyachapisha katika kijitabu kidogo kitakachogawiwa siku ya hitima yake. Binamu yangu aliyeko Nairobi alijitolea kuyapiga chapa yote kwenye kompyuta, kisha akanitumia niyapitie kabla hayajapelekwa kwa mchapishaji. Shairi lililonigusa kuliko yote ni hili la toba, nami nikampa mwanangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alisome kwa sauti. Badala ya kusoma, alichukua penseli akaanza kuhesabu silabi. Shairi lenyewe, kama nilivyolipokea, ni hili:

Ya Rabi ninalo ombi, mja wako ninajuta,
Niliyotenda ni madhambi, na mengi nimeyaficha,
Yamenijaza mavumbi, moyo haujayaacha,
Niletee lako wimbi, lije Mola kuyafuta.

Mimi ni mja mbaya, ulimi wangu ni moto,
Sina kheri sina haya, yatamani yangu macho,
Njia mbaya naendea, kama kipofu mtoto,
Niletee lako wimbi, lije Mola kuyafuta.

Kwako astaghafiru, usinitupe motoni,
Ya Rabi wewe Ghafuru, wayajua ya moyoni,
Nipatie yako nuru, nizikwapo kaburini,
Niletee lako wimbi, lije Mola kuyafuta.

Kwa hesabu ya mwanangu, shairi hili lina mizani minane kwa minane katika mishororo mingi, lakini «Niliyotenda ni madhambi» ina tisa, «Mimi ni mja mbaya» ina saba, na «Kwako astaghafiru» nayo ina saba. Kuhusu vina, ametia alama nyekundu chini ya «nimeyaficha», «haujayaacha», «macho» na «naendea», akasema havipatani na wenzao. Hukumu yake ni kwamba babu yake mkuu alitunga shairi guni, yaani lenye kasoro ya vina au mizani, na kwamba lingekuwa swali la mtihani, mtunzi angenyimwa alama za umbo.

Mimi si mtu wa arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi. Ninachokumbuka ni kwamba babu alikuwa akilighani shairi hili kwa kichwa, usiku wa Ramadhani barazani, na sikumsikia hata siku moja akikwama mahali. Naomba mnisaidie mambo mawili: je, kweli shairi hili ni guni, na je, ni la bahari gani, yaani la aina gani ya utunzi? Ikiwa lina dosari, binamu yangu yuko tayari kulirekebisha kabla halijachapwa.

Bint Kisauni

Waalaykum salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Kwanza mwombe binamu yako asirekebishe chochote, kwa sababu nadhani amekwisha kurekebisha, na hapo ndipo vina vilipovunjika. Mwanao hakukosea kuona kasoro. Amekosea kumtwika marehemu.

Tazama ubeti wa kwanza. Vina vya utao, yaani vya kipande cha pili cha mshororo, kama vilivyopigwa chapa, ni -ta, -cha, -cha, -ta. Mtu anayetunga kwa vina hawezi kuanza na kuishia kwa -ta akaacha shimo la mishororo miwili katikati kwa bahati mbaya, tena mashimo yote mawili yawe ya -cha. Sasa lisome shairi hilo kwa ulimi wa Mombasa: «ficha» kwetu ni «fita», na «acha» ni «wata». Utapata ninajuta, nimeyafita, haujayawata, kuyafuta. Vina vinne vimekaa kama meno ya kitana. «Juta» na «futa» zilisalimika kwa kuwa maneno hayo ni mamoja katika Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, na katika Kiswahili sanifu, kwa hiyo binamu yako hakuona la kusahihisha. Si kila ch ya sanifu hugeuka t kwetu, maana chakula kwetu ni chakula vilevile, lakini katika maneno haya hugeuka bila shaka yoyote.

Ubeti wa pili una kisa hicho hicho. Moto, macho, mtoto: rudisha «mato» mahali pake na kina cha -to kitatimia. Na «naendea» naamini mzee aliiandika «naendeya», kwa sababu watunzi wetu wa zamani waliisikia y nyepesi baina ya e na a wakaiandika, hasa wanapokuwa na kina cha -ya cha kutimiza, kama hapa palipo na mbaya na haya. Sitashangaa ikiwa hata «njia» ilikuwa «ndia», ingawa hilo haligusi vina wala mizani.

Mshororo wenye mizani tisa nao una maelezo yaleyale. «Niliyotenda» ina silabi tano, ni-li-yo-te-nda, nayo ndiyo sarufi tunayofundishwa shuleni. Lakini mtunzi wa pwani angesema «nalotenda», na-lo-te-nda, silabi nne, na mshororo ukawa «Nalotenda ni madhambi», mizani minane isiyopungua wala kuzidi.

Naongeza jambo moja ambalo hunikera kidogo. Vitabu vya shule vitamwambia mwanao kwamba «mato» na «nalotenda» ni uhuru wa mshairi, yaani mtunzi alibanwa na kina au mizani akaruhusiwa kuiboronga lugha au kukopa lahaja. Kwa mtunzi wa Dodoma anayeandika «mato» ili apate kina, sawa, huo ni uhuru. Mzee wa Mji wa Kale aliyeyaita macho yake mato tangu utotoni hakuomba ruhusa ya mtu. Aliandika anavyosema. Naomba ulifungue daftari lenyewe, ulinganishe.

Mwalimu Mstaafu

Namshukuru Bint Kisauni, ambaye amelimaliza suala la vina hata sina la kuongeza, isipokuwa kwamba vina vya kati vya ubeti wa kwanza vinastahili kusifiwa: ombi, madhambi, mavumbi, wimbi. Kina hapo ni -mbi kamili, si -bi tu, na mtunzi aliyekuwa na neno «Rabi» mkononi tangu mwanzo wa mshororo hakulitumia kufungia kipande, kwa kuwa alijua kwamba -bi na -mbi ni silabi mbili tofauti. Sikio lake lilikuwa kali. Basi tusiharakishe kusema kwamba sikio hilo hilo lilishindwa kuhesabu mpaka nane.

Nianze na «Mimi ni mja mbaya». Mwanao amehesabu mi-mi-ni-m-ja-mba-ya, akapata saba. Kosa liko katika neno la mwisho, na ni kosa ambalo nimeliona kwa wanafunzi wangu wengi, wakiwemo wale waliopata alama nzuri. Neno «mbaya» lina silabi mbili au tatu kutegemea linamsifia nani. Linapomsifia mtu, m ya mwanzo ni kiambishi cha ngeli, nayo husimama peke yake kama silabi: mja m-ba-ya, silabi tatu. Linaposifia kitu cha ngeli ya tabia, nyumba au njia, sauti ya mwanzo huungana na b ikawa sauti moja: njia mba-ya, silabi mbili. Maandishi hayatofautishi, ila ulimi hutofautisha. Ukitaka ushahidi, badilisha sifa: utasema mja m-zuri lakini njia nzu-ri, na hapo hata maandishi yanakiri kwamba hizo ni silabi za aina mbili. Mfano mwingine ni «mbuni»: yule ndege mkubwa asiyeruka ni mbu-ni, silabi mbili, na mti unaozaa kahawa ni m-bu-ni, silabi tatu.

Uzuri wake ni kwamba marehemu ameyaweka matamshi yote mawili katika ubeti mmoja. Mshororo wa kwanza: mi-mi-ni-m-ja-m-ba-ya, nane. Mshororo wa tatu: ndi-a-mba-ya-na-e-nde-ya, nane. Neno lilelile kwa maandishi limebeba mizani mitatu pale na miwili hapa, na vipande vyote viwili vimetimia. Mwambie kijana apige kofi kwa kila silabi huku akisoma polepole, bila kutazama herufi, naye atayasikia makofi manane kila upande.

Sasa «Kwako astaghafiru». Ukihesabu kwa-ko-a-sta-gha-fi-ru unapata saba, lakini s iliyofuatwa na t si sauti moja katika Kiswahili. Ni konsonanti iliyobaki na kituo chake kutoka Kiarabu, na watunzi wetu wa kale waliipa mizani wake: a-s-ta-gha-fi-ru, sita, na pamoja na «kwako» ni nane. Mfano mashuhuri uko katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao kila kipande chake ni cha mizani minane. Mshororo wake wa kwanza ni «Negema wangu binti». Mhesabie mwanao ne-ge-ma-wa-ngu-bi-nti, atapata saba, na itambidi aseme kwamba Mwana Kupona binti Msham naye alianza utendi wake kwa guni. Hakuanza kwa guni. Alihesabu bi-n-ti, n ikiwa na mizani wake, kwa sababu nt si sauti moja kama nd au mb zilivyo.

Kuhusu bahari: kwa idadi ya mishororo ni tarbia, yaani minne kwa kila ubeti, kwa idadi ya vipande ni mathnawi, yaani viwili kwa kila mshororo, na kwa mpangilio wa vina ni ukaraguni, maana vina vya kati na vya mwisho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, -mbi na -ta, kisha -ya na -to, kisha -ru na -ni, huku mshororo wa nne ukirudiwa kama kibwagizo. Wanaosema kwamba shairi la toba lazima liwe utenzi hawana hoja. Utenzi wa mizani minane umetumika sana kwa mawaidha, ni kweli, lakini Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ambayo ndiyo kilele cha mtunzi kuuonya moyo wake mwenyewe, ina mizani kumi katika mshororo, vina vitatu vinavyofanana ndani ya ubeti, na mshororo wa nne unaoishia kwa -ye kutoka mwanzo hadi mwisho. Madhambi hayana bahari yao maalumu.

Jambo la mwisho ni kibwagizo, ambacho ndicho kilichonikalisha kitako. Katika ubeti wa kwanza, «wimbi» na «kuyafuta» vinapatana na vina vyote vilivyotangulia, yaani kibwagizo ni mwenyeji. Katika ubeti wa pili na wa tatu ni mgeni: vina vitatu vya -ya na -to, kisha ghafla -mbi na -ta. Kila kinaporudi kinamkumbusha msikilizaji kina cha ubeti wa kwanza, na ndani ya kina hicho ndimo lilimo neno «madhambi», ambalo halitajwi tena mahali pengine popote katika shairi. Isitoshe, ile -ya- ya «kuyafuta» inahitaji nomino ya kurejelea, na nomino hiyo imebaki kule nyuma. Sarufi na vina kwa pamoja vinamrudisha mja kwenye kosa lake.

Kalamu ya Mwanzi

Maalim, nimesoma maelezo yako kwa faida kubwa, na kuhusu «mbaya» nimejifunza kitu ambacho sikukijua ingawa nimekuwa nikitunga kwa miaka kadhaa. Hata hivyo naomba niruhusiwe kupinga mawili.

Kwanza, sikubali kwamba s ya «astaghafiru» ina mizani wake. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika sheria zake za kutunga mashairi zilizotolewa mwaka 1954, na walimu waliomfuata, walitufundisha kupima shairi kwa kuimbika kwake. Nami nikiliimba neno hili, mdomo wangu hausimami juu ya s hata kidogo: a-sta-gha-fi-ru, tano. Mfano wa «binti» hauniridhishi, kwa kuwa n ni sauti ya puani inayoweza kuvutwa kama m na n za «mtu» na «nchi», na s si ya aina hiyo. Kwa hiyo naona kipande hiki kweli kina mizani saba, na kama mzee alikuwa na sikio kali hivyo, basi neno la kwanza silo. Panahitajika neno la silabi tatu badala ya «kwako». Ningekuwa mimi ningeandika «Nasema astaghafiru», na silazimiki kuamini kwamba mzee hakuandika hivyo. Huenda binamu ameibadilisha hapa pia, kama alivyozibadilisha fita na mato.

Pili, mmelisifu shairi hili hadi ubeti wa tatu umepita bila kuguswa. Motoni, moyoni, kaburini: vina hivyo ni -ni ya mahali mara tatu mfululizo. Kina cha namna hiyo hakimgharimu mtunzi chochote, kwa sababu karibu nomino yoyote ya Kiswahili ukiipachika -ni itaingia. Linganisha na kazi aliyoifanya kutafuta juta, fita, wata na futa, maneno manne ambayo ni vitenzi vyote, na kila kimoja ni hatua ya mtu aliyetenda dhambi: ajute, amefita, hajawata, afutiwe. Ubeti wa kwanza ulitungwa, na ubeti wa tatu, kwa maoni yangu, ulimaliziwa.

Ila nakubaliana na Maalim kuhusu -ya- ya «kuyafuta», na hata nadhani kuna zaidi. Katika ubeti wa pili, mara tu baada ya kurudishiwa «mato», nomino ya karibu inayoweza kurejelewa na -ya- ni mato yenyewe. Msikilizaji wa barazani angeweza kusikia wimbi likija kuyafuta macho yale yanayotamani. Uwezekano huo hauwezi kusikika vizuri mpaka vina virekebishwe, maana hapo «mato» inakaa kama kina na sikio linaikamata.

Mwalimu Mstaafu

Kalamu ya Mwanzi, kuhusu ubeti wa tatu nanyamaza, kwa sababu umesema kweli. Kuhusu s sinyamazi. Chukua «Bismillahi», neno ambalo limefungua tenzi nyingi: watunzi wamelihesabu kuwa la mizani mitano, bi-s-mi-la-hi, hata baadhi ya wanakili wakaliandika «Bisimillahi» ili msomaji asikosee. S hiyo haivutwi puani, lakini imepewa nafasi yake. Kwa kuwa shairi hili lilikuwa la kughaniwa, mwenye kughani hutua kidogo juu ya konsonanti hiyo, na mpigo unatimia. Lakini ubishi wetu hauna haja ya kuendelea hivi ilhali daftari lipo. Ndugu mwenye mada, umelifungua?

Mjukuu wa Mji wa Kale

Ahsanteni sana nyote, na mniwie radhi kwa kuchelewa. Daftari liko kwa mama mdogo, na ilinibidi nisubiri hadi jana nilipokwenda Mombasa.

Bint Kisauni, umesadifu kila neno. Babu ameandika «nimeyafita», «haujayawata», «yangu mato», «ndia mbaya naendeya» na «nalotenda», kwa wino wa buluu na hati ya kulala inayosomeka vizuri. Nilimpigia simu binamu, naye akakiri bila kusita kwamba aliona ni makosa ya tahajia ya mzee, akayasahihisha kwa heshima. Amekubali kuyarudisha yote.

Kuhusu «mbaya», mwanangu alipiga makofi kama Maalim alivyoagiza, mbele ya mama yangu, ambaye alimkatiza kabla hajamaliza akamwambia, «Wewe unaisoma mja mbaya kama nyumba mbaya.» Kijana amefuta alama hiyo nyekundu mwenyewe.

Limebaki la «astaghafiru», na hapa sijui nimpe nani ushindi. Kalamu ya Mwanzi, neno lako limo. Mshororo wa kwanza wa ubeti wa tatu unaanza na «Nasema», kama ulivyokisia. Lakini limekatwa kwa mstari mmoja, kwa wino uleule wa shairi, na juu yake babu ameandika «Kwako». Pembeni mwa ukurasa, usawa na mshororo huo, kuna vistari vidogo vya penseli alivyovipanga kuhesabia. Nimevihesabu mara tatu, na mwanangu akavihesabu baada yangu: ni tisa, na kistari cha tisa kimetiwa mkato.

Kalamu ya Mwanzi

Na-se-ma-a-s-ta-gha-fi-ru. Basi mzee aliipa s kistari chake, akaona kimezidi, akaliondoa neno langu. Naomba, kama familia itaridhia, ukurasa huo upigwe picha na utiwe katika kijitabu jinsi ulivyo, pamoja na mkato wake.